Daktari wa Stima

Watoto wa Noonkopir, mtaa wetu wa Kitengela, walimwita Daktari wa Stima, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mama akichoshwa na mtoto asiyetaka kulala alimwambia, "Nyamaza, ama nimuite Daktari wa Stima," na mtoto alinyamaza. Niliwahi kumsikia mwanamke mzima, mtu wa kwaya, akiapa kwamba ndani ya ule mkoba mweusi wa Daktari kulikuwa na betri ya gari. Mimi niliyekuwa jirani yake kwa zaidi ya miaka kumi niliujua mkoba huo. Ndani mlikuwa na miwani, kitambaa cha jasho, na ndizi iliyopondeka kwa sababu kila siku alisahau kuila.

Tulipakana ukuta. Duka letu la nguo lilitazama barabara, sisi tuliishi nyuma ya duka, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye ploti. Sisi asili yetu ni Garissa. Tulipofika Kitengela ng'ombe walikuwa bado wengi kuliko nyumba, na vumbi la jioni lilikuwa vumbi la kwato. Yeye alikuwa Mkamba. Nilijua kwa vile alivyosema "aiya!" jambo likimshtua. Zaidi ya hapo, kuhusu kwao na watu wake, sikujua kitu, na si kwamba sikuuliza.

Alifanya kazi Nairobi, katika hospitali kubwa, kwenye zile wodi ambazo watu huzipita haraka bila kugeuza kichwa. Kazi yake ilikuwa tiba ya umeme, ile wanayopewa watu waliolemewa na huzuni isiyokubali kuliwazwa, huzuni inayomfanya mtu asile, asilale, asiseme, mwishowe hata maji asinywe. Juu ya kazi hiyo alikuwa na utafiti wake. Alitaka kujua waliotibiwa wanaendeleaje wakisharudi makwao: nani amebaki mzima, nani ameanguka tena, na kila mmoja amesahau nini. Maana tiba ile humrudisha mtu, lakini njiani huchukua kumbukumbu kidogo, na hakuna ajuaye mapema itachukua ipi.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mwendo wa haraka, na sweta ya kijani aliyoivaa hata jua likichoma. Aliongea kwa sauti ya juu, kama mtu aliyezoea kuongea na watu wasiojibu. Alipenda kumsalimia kila mtu kwa lugha yake, na karibu kila mara alikosea. Sisi alitusalimia kwa Kisomali cha asubuhi hata jua likiwa limezama. Kwa mzee wa Kimasai aliyetuletea maziwa alisema "Takwenya," salamu wanayopewa wanawake, na yule mzee, badala ya kukasirika, aliitikia "Iko," jibu la wanawake, kwa sauti nyembamba ya kike, mpaka Hooyo, mama yangu, akashika mbavu kwa kicheko. Tulimweleza Daktari kosa lake. Alicheka kuliko sote. Kesho yake alirudia lile lile.

Hakujua kupika. Harufu ya githeri yake ikiungua ilitufikia kupitia dirisha la choo, kisha tulimsikia akikwangua sufuria kwa hasira. Alipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, kuku wetu wakaila, na alipokuja kulalamika alisimama mlangoni, akasema yake, akakataa kuingia. Hilo ndilo jambo lililonisumbua miaka yote ile. Hakuwa akiingia. Siku ya Idi alileta kreti ya soda, akaiweka kizingitini, akaturushia salamu zake za asubuhi, akageuka. Nilimwambia, "Daktari, karibu ndani, pilau iko tayari." Alijibu, "Wacha, Mama Halima, niko na kazi." Nilimpelekea pilau kwake. Alifungua mlango nusu, akapokea sahani, akashukuru vizuri sana, akafunga. Na huko ndani sikusikia kazi yoyote ikifanywa.

Alikuwa na misemo. Mmoja nilimsikia akimwambia mwanamke aliyekuja dukani kununua shuka, mwanamke ambaye mume wake alikuwa ameacha kuongea. "Usimuulize kama ana huzuni," alimwambia. "Atakudanganya. Muulize jana alikula nini." Mwingine alipenda kuusema juu ya watu wanaofungiwa vyumbani na jamaa zao kwa aibu: "Upweke ni mgonjwa wa pili ndani ya nyumba, na huyo hamumpeleki hospitali." Aliusema huku ameshika funguo za nyumba ambamo hakuna mwingine aliyewahi kulala.

Hooyo aliugua kabla ya mvua ya El Nino. Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekufa kwenye barabara ya Namanga, lori la mbuzi alilopanda lilipinduka karibu na Isinya. Hooyo alisimama imara siku ya mazishi. Alipokea wageni, akawapa chai, akawaliwaza wengine. Kisha, arobaini haijaisha, akazima. Sina neno jingine. Aligeukia ukuta na kukaa hivyo. Uji ulipoa mbele yake. Midomo ilipasuka. Nilimpa maji kwa kijiko na yakatiririka kwenye kidevu. Shehe wa msikiti wetu alikuja kumsomea, akaja tena, akaja tena, mtu mwema asiyetaka chochote, na Hooyo hakumtazama hata mara moja.

Siku shehe alipokuja mara ya mwisho, Daktari aliingia. Hakubisha, hakusubiri kukaribishwa. Alivua viatu, akaketi mkekani karibu na Hooyo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinyamaza. Alikaa hivyo mchana kutwa. Jua lilipohamia ukuta wa pili aliinama akatazama mikono ya mama yangu, akaibinya ngozi kidogo, akaona inavyochelewa kurudi. Akaniita nje.

"Mama Halima, huyu anakufa," aliniambia. "Si kesho. Lakini anakufa."

Mjomba wangu alikuja jioni na wazee wengine. Hakutaka kusikia habari ya stima. Alisimama uani, fimbo mkononi, akamuuliza Daktari, "Unataka kumchoma dada yangu kichwa?"

"Sitaki kumchoma, mzee. Atalala kwa sindano, hatasikia kitu. Stima inapita kidogo tu, mwili unatetemeka, halafu anaamka. Mara mbili kwa wiki."

"Na huko ndani inafanya nini?"

"Sitakudanganya. Vile inafanya, hata sisi hatujui vizuri. Ndiyo sababu natafuta kujua. Yale naweza kukuambia ni yale nimeona. Nimeona watu wanakufa na njaa na chakula iko mbele yao. Na nimeona wakikula."

Mjomba alichimba fimbo udongoni. "Angekuwa mama yako?"

"Ningempeleka jana."

Ni shehe aliyemaliza ule ubishi. Alisema, "Mimi nimesoma, na nitaendelea kusoma. Lakini maji hanywi. Mpelekeni. Dawa pia ni ya Mungu."

Nilikaa naye hospitali. Sitasema ilikuwa rahisi. Kila alipoamka alikuwa amechanganyikiwa, kichwa kinamuuma, hajui yuko wapi, na mimi nilijuta na kujilaumu mpaka alipolala tena. Hivyo hivyo, karibu wiki mbili. Asubuhi moja muuguzi alimletea chai. Hooyo alionja, akakunja uso, akasema kwa Kisomali, "Hii chai haina iliki."

Nilitoka mbio kwenye korido, nikamkuta Daktari anatoka wodi ya pili. Aliniuliza, "Amelalamika?" Nikaitikia kwa kichwa. Alipiga makofi mawili makubwa, wagonjwa wakageuka. "Mgonjwa akilalamikia chakula," alisema, "wodi nzima inafaa kuimba."

Hooyo alirudi nyumbani mzima. Alipika, aligombana na wateja, alimcheka mzee wa maziwa. Lakini jioni moja, tukichambua mchele, aliniuliza, "Mwanangu nani alimwosha?"

"Mjomba, na wanaume wa msikitini."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa, Hooyo. Ulimbusu kwenye paji la uso kabla hawajamtoa."

Aliitazama mikono yake, mchele ukiwa bado umo viganjani. Alijua kwamba mwanawe amekufa. Mazishi ndiyo yaliyopotea, na wageni, na maneno yote mazuri watu waliyomwambia siku zile.

Daktari alipokuja kumhoji kwa ajili ya utafiti wake, mimi ndiye niliyetafsiri. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, nguvu za mwili. Kisha akauliza amesahau nini. Hooyo akasema, "Mwambie nimepata chai, nimepoteza mazishi ya mtoto wangu."

Nilitafsiri. Daktari aliacha kuandika. "Muulize, angejua hivyo, angekubali tena?"

"Ningekubali," Hooyo alisema. "Lakini wangeniambia kwanza."

Hakuna aliyemwambia kwanza, hiyo ilikuwa kweli. Wakati ule hakuwa mtu wa kuambiwa kitu. Daktari angeweza kujitetea hivyo. Hakujitetea. Alisema tu, "Sawa, mama," akafunga kalamu. Baadaye nilisikia kutoka kwa muuguzi mmoja kwamba tangu mwaka ule alianza kukaa na kila mgonjwa na watu wake kabla ya tiba na kuwaambia wazi: utapona, Mungu akipenda, na kuna kitu kitapotea, sijui kipi. Hata asiyejibu alimwambia, akiwa ameinama karibu na sikio. Wenzake walimwambia anawatisha wagonjwa. Aliwajibu, "Afadhali aogope akijua."

Baada ya hapo alianza kunichukua kwenye safari zake za Jumamosi. Mara ya kwanza alinihitaji kweli, kulikuwa na familia ya Kisomali mjini Kajiado. Mara zilizofuata sidhani alihitaji mtafsiri. Alikuwa na gari kuukuu la bluu lililotoa sauti ya sufuria, na uwanda wote wa kule kusini aliujua: nani anakaa nyuma ya machimbo ya marumaru, nani amehamia Bissil, nani ameoa. Ndani ya gari aliongea tu juu ya wagonjwa wake, kwa furaha, kama mtu anayesimulia habari za wajukuu.

Siku moja tulikwenda mpaka Illasit, karibu na Loitokitok, kumwona mkulima wa vitunguu aliyetibiwa miaka kadhaa nyuma. Daktari aliniambia njiani kwamba mtu huyo aliletwa amefungwa kwenye mlango uliong'olewa, kwa sababu hakukuwa na kitanda cha kumbebea. Tulimkuta shambani amesimama, mnene, mwenye afya, anawaamrisha vibarua. Alipoliona gari alikuja haraka kabla hatujashuka. Hakutukaribisha.

"Daktari, mimi niko sawa," alisema kwa sauti ya chini. "Nashukuru. Mungu akubariki. Lakini gari yako ikisimama hapa, watu wanajua."

"Wanajua nini?"

"Wanajua nilikuwa huko. Niko na binti anataka kuolewa. Tafadhali."

Daktari alimtazama juu mpaka chini, kama fundi anayetazama nyumba aliyoijenga. "Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Si unaona tumbo?"

"Haya. Basi sitakuja tena." Akawasha gari. Tulikuwa tumesafiri tangu alfajiri, na hatukuwa tumekaa hapo hata muda wa kupoa injini. Nilimwambia kwa uchungu kwamba yule mtu hana shukrani. Daktari alikataa. "Mama Halima, wewe huelewi," alisema. "Akinikimbia hivyo, amepona kabisa. Wale wagonjwa ndio wananishika mkono." Alitabasamu akisema hayo. Kisha akaendesha kwa kasi mpaka tulipoiona tena barabara ya lami.

Na hapa Kitengela ilikuwa vivyo hivyo. Nilimwona mara nyingi sokoni akipishana na watu aliowatibu. Wao waligeukia nyanya. Yeye aliendelea na njia yake. Akifika kwangu aliniambia, bila kutaja jina, "Nimeona mtu wangu leo. Amenipita bila salamu. Amenona!" Watu walimwogopa kwa sababu hawakumjua, na waliomjua walimkwepa kwa sababu walimjua. Sijui mtu mwingine aliyefanya wema mwingi namna ile akabaki na watu wachache namna ile.

Utafiti wenyewe aliusoma mbele ya madaktari wengine, Nairobi, katika hoteli. Alinunua viatu vipya kwa ajili ya siku hiyo, na aliniomba nimpigie pasi suti yake kwa sababu pasi yake iliunguza vitu. Aliporudi jioni nilimngoja getini.

"Walisema nini?"

"Walisikiliza."

"Halafu?"

"Halafu tukakunywa chai." Alivua kiatu kimoja, akakitikisa kama kuna jiwe. "Mmoja aliniuliza mbona nimeandika mambo mengi juu ya kusahau. Nikamwambia kwa sababu ndiyo watu waliniambia."

Utafiti uliisha, safari hazikuisha. Aliendelea kwenda kwa wale waliomkubali, kwa gari lake na siku zake za mapumziko, ingawa hakukuwa tena na aliyemtuma.

Hakuwa malaika, nisije nikampamba. Aligombana na kila mwenye nyumba. Alitukana madereva wengine kwa lile neno "kichaa," ambalo sisi alitukemea tukilitamka. Aliweza kupita wiki nzima bila kuitikia salamu yangu kwa sababu ya jambo nisilolijua, kisha akaja na mkate kana kwamba tuliongea jana. Na yeye aliyewasisitizia watu wote wasione haya na ugonjwa huu, ulipomfika alisema ni malaria.

Ilikuwa miaka ile Kitengela ilipoanza kupanda maghorofa na sisi tulipokuwa tukitafuta ng'ombe kwa macho bila kuwaona. Kwanza niliona gari lake halitoki. Vumbi lilikaa juu ya kioo, watoto wakaandika majina yao. Kisha mzee wa maziwa aliniambia kwamba chupa aliyomwachia jana bado iko mlangoni, na ya juzi pia. Nilikwenda. Alifungua baada ya muda mrefu. Pazia zote zilikuwa zimefungwa. Alisema ni malaria, ameshameza dawa, nisijali.

"Daktari," nilimwambia, "jana ulikula nini?"

Alinitazama. Nadhani alitaka kukasirika na hakupata nguvu. Aliachilia mlango, akarudi kukaa kitandani, na mimi nikaingia ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza.

Nilimleta kwangu. Hakukataa, na hilo lilinitisha kuliko kitu chochote. Mwenzake mmoja alikuja kutoka Nairobi, akamwandikia vidonge, akasema tusubiri. Tulisubiri wiki nyingi. Mchana, nikiwa nimemwachia Halima duka, nilikaa naye chumba cha nyuma, na hapo alianza kuongea. Hakuongea kwa ile sauti yake kubwa. Alinong'ona, maneno matatu, kimya, maneno mengine matatu. Aliniambia mambo ya maisha yake ambayo kwa miaka kumi sikuweza kuyapata hata kwa kuyauliza. Alilia, akaniambia, akalala, akaamka akaniambia tena. Mengi ni yake na sitayaandika. Nitasema mawili tu, kwa sababu yananihusu. Aliniambia kwamba jioni alikuwa akizima redio yake ili awasikie watoto wangu kupitia ukutani. Na aliniambia kwa nini siku zote hakuingia kwetu. "Niliogopa," alisema. "Nikiingia sitataka kutoka."

Vidonge havikumsaidia. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Asubuhi moja alisema mwenyewe, kwa sauti iliyonyooka ya kazini, "Sasa ni stima." Akaongeza, "Watataka mtu wa kutia sahihi. Na wa kunirudisha nyumbani. Bila mtu hawakubali, mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nakataa." Hakuniomba. Alikuwa akitazama blanketi.

Hooyo, aliyekuwa amezeeka na sikio moja halisikii, alikuwa ameketi mlangoni. Nilimweleza. Alisogeza kigoda mpaka karibu na kitanda, akamshika Daktari mkono, na kwa Kiswahili chake kidogo akamwambia, "Utasahau kitu. Lakini utasikia njaa."

Tulikwenda. Alipita katika wodi ambazo alikuwa akiziamrisha, akiwa na kanzu ya mgonjwa, kichwa ameinamisha, na wauguzi waliomjua walijifanya wana shughuli, kwa heshima. Yule aliyetupokea alikuwa mgeni. Aliniuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

Alilisoma jina la Kikamba kwenye faili, akanitazama mimi na hijabu yangu, akamtazama Daktari. Daktari hakuinua kichwa. Muuguzi akaandika: dada.

Nilimpeleka kila mara, na kila mara nilimrudisha. Alipoamka hajui aliko, nilimwambia aliko. Wiki ya tatu, nikiwa jikoni, nilimsikia nyuma yangu. Alikuwa amesimama amejifunika shuka, nywele zimesimama, anatazama sufuria. "Hiyo nyama," alisema, "inaiva lini?" Nilimpakulia ikiwa bado ngumu. Alikula amesimama.

Siku chache baadaye alikuja sebuleni amevaa sweta yake ya kijani. Alitazama dari, makochi, picha za ukutani, akasema kwa ile sauti yake kubwa iliyorudi, "Mama Halima! Kumbe kwenu ni kukubwa hivi."

Alikuwa amekaa nyumbani humo zaidi ya miezi miwili.

Nilielewa papo hapo. Nilikuwa nimesikia habari za kusahau za watu wangapi? Nilisimama na kikombe mkononi, nikisubiri aniite kwa namna aliyoniita chumba cha nyuma, kwa jina langu nililopewa nilipozaliwa. Hakuniita. Alikunja blanketi zake vizuri, akanishukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji, akampa Hooyo mkono, akasema asitusumbue zaidi. Jioni nilisikia redio yake ukutani. Iliwaka mpaka tulipolala.

Mwaka ule alihama. Alipata kazi katika zahanati ndogo mjini Kajiado, kazi nyepesi. Tuliagana getini, na hata siku hiyo hakuingia.

Nilimwona tena baada ya mwaka na zaidi. Nilikuwa nimepeleka mzigo wa mashuka kwa mwenye duka wa Kajiado, na nikaulizia. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa reli, chumba na jiko, na uani alikuwa amepanda sukuma, nayo ilikuwa nzuri, kwa kuwa hakukuwa na kuku. Alikuwa amenenepa. Alinisalimia kwa Kisomali, salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa tisa. Alitoa viti viwili nje, akachemsha chai mwenyewe.

Tuliongea juu ya Halima, aliyekuwa ameolewa, na juu ya Hooyo, aliyekuwa amefariki kwa uzee, kitandani mwake, baada ya kula. Alifurahi kusikia kwamba alikula. Lori la mawe ya marumaru lilipita, tukangoja vumbi litulie.

"Mama Halima," alisema, "nataka kukuuliza. Nilikaa kwako siku nyingi?"

"Nyingi."

"Mimi nakumbuka mvua ikianza. Halafu nakumbuka nyama." Alizungusha kikombe mkononi. "Nilikuwa naongea?"

"Uliongea."

"Maneno ya mgonjwa, ama maneno ya kweli?"

"Ya kweli."

Alitazama reli. Nilikuwa na maneno yake yote, nimeyabeba tangu Kitengela kama mtu aliyeachiwa mzigo na msafiri asiyerudi, na nilikuwa tayari kuyatoa pale pale, moja moja. Aliinua mkono kidogo.

"Usiniambie," alisema. "Kama nilisema, basi yako kwako. Kaa nayo."

"Sawa, Daktari."

Mbuzi wa mtu walipita uani, akawafukuza kwa kitambaa, akarudi kukaa. Nilidhani mazungumzo hayo yameisha. Nilianza kutafuta viatu vyangu kwa miguu, chini ya kiti.

"Nililia?" akauliza.

"Ulilia."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ilinyesha kwao akiwa safarini. Kisha akainua birika, akasikiliza kama bado kuna kitu ndani, akanijazia kikombe, na mimi nikavirudisha viatu chini ya kiti.